Kibanja Kamachumu, mshahara Masaka: Kodi inalipwa wapi?

KILA ifikapo Desemba, barabara ya kutoka Muhutwe kupanda Kamachumu hujaa magari. Wana wa Muleba waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha hurudi nyumbani kula Krismasi, kuangalia kibanja cha wazazi na kuweka sawa makaburi. Miongoni mwao wamo wasiotokea upande wa Mwanza kabisa. Wao wameingilia Mutukula, wakitokea Kyotera, Masaka na Kampala, ambako ndiko wanakofanyia kazi.

Wengine ni walimu, wengine mafundi ujenzi, madereva, wauguzi au wauza samaki. Mshahara au faida yao huhesabiwa kwa shilingi za Uganda. Nyumba, migomba na kahawa yao viko Kamachumu. Kwa miaka mingi mtu wa namna hii amekuwa na jibu moja akiulizwa habari ya kodi: "Mimi nimeshakatwa kule."

Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya jambo lenyewe. Nusu iliyobaki ndiyo huwasumbua watu siku wanapokwenda kuomba mkopo, kusajili biashara au kununua kiwanja mjini Bukoba, wanapotakiwa kuonyesha fedha zao zilitoka wapi na zililipiwa kodi gani.

Enzi ya mfuko mmoja

Wazee wa Kagera wanaokumbuka miaka ya 1960 hawakuwa na tatizo hili. Wakati huo kodi ya mapato ya Tanganyika, Uganda na Kenya ilikusanywa na idara moja ya Afrika Mashariki, chini ya sheria moja ya mwaka 1958. Aliyefanya kazi Kampala na aliyefanya kazi Bukoba walihudumiwa na idara hiyo hiyo.

Utaratibu huo ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Kodi ya Mapato mwaka 1973, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na Mutukula ikawa uwanja wa vita.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliosainiwa Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005 na Soko la Pamoja Julai 2010. Novemba 2017 marais John Magufuli na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka Mutukula, ambapo msafiri anayetoka nchi moja hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Mpaka umelainika, lakini mifuko ya kodi haijaunganishwa tena. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) kila moja ina sheria yake, viwango vyake na hata mwaka wake.

Nani ni mkazi?

Swali la kwanza la kodi ya mapato halihusu uraia wa mtu. Linahusu ukazi wake, na neno "mkazi" katika sheria ya kodi halina maana ile inayotumiwa na mtendaji wa kijiji.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, mtu huhesabiwa mkazi kwa mwaka husika akiingia katika fungu lolote kati ya haya. Kwanza, ana makazi ya kudumu Tanzania na alikuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo. Pili, alikuwepo nchini kwa jumla ya siku 183 au zaidi. Tatu, alikuwepo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Fungu la nne linawahusu watumishi wa Serikali waliotumwa nje.

Wengi huisikia habari ya siku 183 na kuishia hapo. Hesabu yao ni kwamba, kwa kuwa wanalala Masaka miezi kumi na kurudi nyumbani miezi miwili, Tanzania haiwahusu tena. Wanaliruka fungu la kwanza, ambalo ndilo linalomkamata Mhaya kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwenye nyumba yake kwenye kibanja cha Kamachumu, mke na watoto wakiwa humo, ana hoja ndogo sana ya kudai kwamba hana makazi ya kudumu Tanzania. Akija wiki mbili za Krismasi, tayari amekuwepo nchini kwa "sehemu ya mwaka". Kwa mwaka huo TRA ina haki ya kumhesabu mkazi, hata kama siku nyingine zote alikuwa Uganda.

Sheria ya Uganda nayo inafanana sana na hiyo. Inamtambua kuwa mkazi mwenye makazi ya kudumu Uganda, au aliyekaa huko siku 183 au zaidi katika kipindi chochote cha miezi 12 kinachoanza au kuishia ndani ya mwaka wa kodi, au aliyefikisha ule wastani wa siku 122 kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mkazi wa nchi zote mbili kwa wakati mmoja, bila kuvunja sheria yoyote. Ugumu uko hapa: nchi zote mbili humtoza mkazi wake kwa mapato ya dunia nzima, si yale ya ndani peke yake.

Miaka miwili isiyolingana

Jambo la pili linalochanganya ni kalenda. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi Tanzania huanza Januari 1 na kuisha Desemba 31. Wa Uganda huanza Julai 1 na kuisha Juni 30.

Chukua mfano wa mwalimu wa Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tuseme mwalimu kutoka Kamachumu anapata kazi katika shule ya binafsi Masaka na kuanza Oktoba 1.

Ikifika Desemba 31, Tanzania inamhesabia miezi tisa aliyokaa nyumbani, hivyo ni mkazi wake. Akiendelea kukaa Masaka, siku ya 183 humwangukia Aprili 1 katika mwaka usio mrefu. Uganda nayo inampokea kuwa mkazi wake kwa mwaka unaoishia Juni 30.

Mshahara wa Oktoba, Novemba na Desemba sasa uko katika vitabu viwili. Tanzania inauweka katika mwaka ulioisha Desemba. Uganda inauweka katika mwaka utakaoisha Juni. Asiyetunza karatasi ya mshahara ya kila mwezi hatapata namna ya kuugawanya.

Hesabu ya mshahara mmoja

Tuseme mwalimu huyo analipwa shilingi 840,000 za Uganda kwa mwezi. Kwa wepesi wa hesabu, tuchukue kwamba shilingi 100 za Tanzania ni sawa na 140 za Uganda. Mshahara wake basi ni shilingi 600,000 za Tanzania. Katika ritani halisi hutumika kiwango cha Benki Kuu, si kile cha wabadilisha fedha wa Mutukula.

Kwa viwango vya Uganda vilivyowekwa mwaka 2012, mkazi hasamehewi zaidi ya shilingi 235,000 za kwanza. Kuanzia hapo kodi hupanda kwa asilimia 10, kisha 20, na kinachozidi 410,000 hutozwa asilimia 30. Kodi ya mwalimu wetu inakuwa 154,000 za Uganda, sawa na 110,000 za Tanzania kwa hesabu yetu. Kama asingekuwa mkazi wa Uganda asingepata msamaha ule wa mwanzo, na angekatwa 177,500 za Uganda. Tofauti ni 23,500 kila mwezi, kwa hiyo inafaa mwajiri aelezwe mapema iwapo mfanyakazi ni mkazi au la.

Sasa tuje Tanzania. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilipandisha kima kisichotozwa kodi kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi, na Julai 2021 kiwango cha kwanza kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Kwa viwango hivyo, mshahara wa 600,000 una kodi ya shilingi 36,000.

Je, mwalimu alipe 110,000 Uganda na tena 36,000 Tanzania? Hapana, ili mradi afuate utaratibu. Sheria ya mwaka 2004 inampa mkazi wa Tanzania nafuu ya kodi ya mapato aliyolipa nje. Kiasi alicholipa nje hupunguzwa katika kodi anayodaiwa hapa kwa mapato hayo hayo, lakini nafuu haizidi kodi ya Tanzania yenyewe.

Mwalimu amelipa 110,000 nje na anadaiwa 36,000 hapa. Nafuu inafuta 36,000 zote, na hana cha kuongeza. Zile 74,000 zilizozidi TRA haimrudishii mkononi, kwa sababu hazikuingia katika mfuko wake.

Hapa ndipo wengi huuliza: kama hakuna cha kulipa, ya nini kuhangaika na ritani? Ni kwa sababu nafuu haiji yenyewe. Hutolewa kwa anayeiomba na kuonyesha ushahidi kwamba kodi ililipwa kweli. Asiyewasilisha chochote, siku akiulizwa, ataonekana mtu mwenye mapato ya miaka mitano yasiyotolewa taarifa, na hapo faini na riba huanza kuhesabiwa.

Ule msamaha wanaoufahamu wafanyakazi wengi, wa kutowasilisha ritani kwa kuwa mwajiri amekata PAYE, umewekwa kwa mtu mwenye mwajiri mmoja anayekata kodi hiyo kwa sheria ya Tanzania. Shule ya Masaka haikati kodi ya TRA. Ritani ya Tanzania hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani kufikia Juni 30. Ya Uganda, kwa anayepaswa kuiwasilisha, ni kufikia Desemba 31.

Mkataba uliokwama

Nchi nyingi hukwepa mgongano huu kwa kusaini mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili. Mkataba wa namna hiyo huamua nani ni mkazi wa wapi pale mtu anapoangukia kote kote, na nchi ipi iachie nyingine.

Tanzania ina mikataba hiyo na nchi chache, zikiwemo Zambia, Afrika Kusini, India, Canada, Italia, Sweden, Norway, Denmark na Finland. Mtanzania anayefanya kazi Lusaka basi ana kinga ya mkataba ambayo mwenzake wa Masaka, aliye saa chache tu kutoka nyumbani, hana.

Si kwamba jambo hilo halikufikiriwa. Novemba 2010 nchi tano za Jumuiya zilisaini mkataba wa pamoja wa kuzuia utozaji kodi mara mbili. Haukuanza kutumika, kwa kuwa ulihitaji kuridhiwa na nchi zote na hilo halikutimia. Itifaki ya Soko la Pamoja nayo inazitaka nchi zilinganishe sera na sheria za kodi hatua kwa hatua, lakini hatua hizo zimekuwa fupi.

Hadi hapo mkataba utakapofanya kazi, kinga ya mfanyakazi wa mpakani ni ile nafuu ya sheria ya ndani ya kila nchi. Sheria ya Uganda ina upole zaidi kwa upande wa mshahara: mkazi wake aliyepata mshahara nje na kuulipia kodi ya mapato huko, husamehewa mshahara huo. Mganda anayelala Uganda na kufanya kazi Bukoba ananufaika na kifungu hicho. Lakini naye, kama si mkazi wa Tanzania, mwajiri wa huku humkata asilimia 15 ya mshahara, si viwango vya ngazi vya PAYE.

Kahawa na maharage ni habari nyingine

Mwenye mshahara ana karatasi. Mfanyabiashara wa Kamachumu anayevusha ndizi, maharage au senene mara nyingi hana, na kodi zake ni za aina tofauti.

Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya kuna utaratibu rahisi wa biashara mpakani. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Cheti hicho hakifuti kodi za ndani wala vibali vya afya ya mimea. Mchuuzi anayepita njia za panya ili kukwepa ushuru usiokuwepo huhatarisha mzigo mzima bure.

Kahawa haimo katika wepesi huo. Biashara yake inasimamiwa na Bodi ya Kahawa, na kuivusha bila kibali ni magendo, hata kama bei ya upande wa pili inavutia kiasi gani. Mkulima anayeuza kupitia chama chake cha msingi hubaki na stakabadhi, na stakabadhi hiyo ni ushahidi wa mapato halali.

Kuna kosa lingine hufanyika hapa. Mkulima hukatwa ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao tangu mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mwenye kahawa Kamachumu na kazi Masaka anaweza kudhani ushuru huo utampunguzia kodi ya Uganda. Hautampunguzia. Nafuu ya kodi iliyolipwa nje inahusu kodi ya mapato tu, na ushuru wa mazao si kodi ya mapato.

Kwa wenye maduka ipo tahadhari moja kubwa zaidi. Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania hukadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka, na mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 halipi. Lakini utaratibu huo umewekwa kwa mkazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara iliyoko Tanzania. Mwenye duka Kamachumu anayefungua kibanda cha pili Kyotera, au anayeanza kupokea mshahara Uganda, hatimizi tena sharti hilo. Hutakiwa kutunza hesabu na kutozwa kwa faida. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshachelewa.

Aliyejenga vyumba vya kupangisha upande wa pili naye asisahau. Tangu Julai 2022 Uganda humtoza mtu binafsi asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 za huko kwa mwaka, bila kutoa gharama. Pango hilo pia ni mapato ya dunia ya mkazi wa Tanzania, kwa hiyo nalo huingia katika ritani pamoja na stakabadhi ya kodi iliyolipwa.

Akiba ya uzeeni

Kodi si makato pekee. Mfanyakazi wa Uganda huchangia asilimia 5 ya mshahara katika mfuko wa NSSF wa huko, na mwajiri huongeza asilimia 10. Fedha hizo ni za mfanyakazi. Anayerudi Kamachumu moja kwa moja bila namba ya uanachama, bila taarifa ya michango na bila kumbukumbu ya mwajiri, huacha nyuma sehemu ya jasho lake. Mfuko wa Tanzania una jina hilo hilo la NSSF, lakini ni mfuko mwingine kabisa, na asidhani kwamba michango ya kule itaonekana huku.

Nini cha kufanya

Kwa mtu wa Kamachumu anayekula jasho lake ng'ambo ya Mutukula, mambo ya kushika si mengi.

Awe na namba ya mlipakodi katika nchi zote mbili. Tanzania hutolewa bila malipo.

Aandike siku zake. Mihuri ya pasipoti au hati ya kusafiria ndiyo kalenda inayokubalika. Anayevuka kwa njia ya mkato hana namna ya kuthibitisha alilala wapi.

Adai karatasi ya mshahara kila mwezi, na kila mwaka unapoisha aombe taarifa ya kodi aliyokatwa. Mwajiri akikata kodi bila kuipeleka URA, mwenye kuhangaika baadaye ni mfanyakazi anayetaka nafuu TRA.

Apitishe fedha za nyumbani benki au kwa simu, na atunze kumbukumbu. Fedha iliyokwisha kulipiwa kodi haitozwi tena kwa sababu tu imevushwa mpaka, lakini asiye na kumbukumbu hawezi kuonyesha kwamba ndiyo hiyo hiyo.

Aende ofisi ya TRA mapema, kabla ya Juni 30, akiwa na karatasi zake. Anayehamia Uganda na familia nzima, akapangisha nyumba ya Kamachumu au kumwachia ndugu, naye aeleze hivyo, maana swali la makazi ya kudumu linaweza kupata jibu tofauti.

Kibanja cha Kamachumu hurithiwa kwa sababu kila kizazi kinajua mpaka wake uko wapi na nani alipanda mti gani. Mshahara wa Masaka unahitaji kumbukumbu ya namna hiyo hiyo. Mwalimu wetu wa mfano anamaliza mwaka akiwa hadaiwi hata senti moja na TRA, lakini kinachomwokoa ni bahasha ya karatasi 12 za mshahara na barua moja ya mwajiri. Bila bahasha hiyo, kwa mshahara ule ule na sheria zile zile, hesabu yake inasoma deni la shilingi 432,000 kwa mwaka mmoja, kabla ya faini na riba.